Jeni, Malezi na Tofauti za Akili: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Watafiti wanaposema wamepima akili, hasa wamepima nini?

Wamepima namna mtu anavyofanya kazi fulani za kufikiri: kugundua mpangilio katika mfululizo wa michoro, kushika tarakimu kichwani, kueleza maana za maneno, kutatua fumbo kwa muda uliowekwa. Kipimo cha kwanza cha aina hii kilichoenea kilitungwa Paris mwaka 1905 na Alfred Binet pamoja na Théodore Simon, na kusudi lake lilikuwa la kawaida kabisa, yaani kuwatambua watoto waliohitaji kusaidiwa zaidi darasani. Binet hakuamini kwamba alama alizozipata zilionyesha kitu kilichofungwa ndani ya mtoto kisichoweza kubadilika. Imani hiyo waliiongeza wengine baada yake.

Mwaka mmoja kabla, 1904, Mwingereza Charles Spearman alikuwa ameeleza jambo ambalo limethibitishwa mara nyingi tangu hapo: mtu anayefanya vizuri katika kazi moja ya kufikiri huelekea kufanya vizuri katika nyingine, hata kama kazi hizo hazifanani kwa sura. Uwezo huo wa jumla ndio unaokadiriwa na alama za IQ, ambazo hupangwa ili wastani wa jamii husika uwe 100, na takriban theluthi mbili ya watu waangukie kati ya 85 na 115. Alama hizo hutabiri vizuri kiasi maendeleo ya mtu shuleni na kazini. Hazipimi busara, bidii wala uaminifu, na hakuna mtafiti makini anayedai kwamba zinapima hayo.

Je, vipimo hivi vinamtendea haki mtoto wa Kiafrika?

Inategemea analinganishwa na nani. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1979, mwanasaikolojia Robert Serpell aliwapa watoto wa Zambia na watoto wa Uingereza kazi ya kunakili maumbo kwa vifaa mbalimbali. Kwa penseli na karatasi, watoto wa Uingereza waliongoza. Kwa kukunja waya, waliongoza watoto wa Zambia, ambao wamezoea kujitengenezea magari ya waya. Kwa udongo wa kufinyanga hapakuwa na tofauti ya maana. Anayetazama matokeo ya penseli peke yake angeondoka na hukumu, na anayetazama ya waya peke yake angeondoka na hukumu iliyo kinyume.

Mfano wa pili unatoka Usenge, karibu na Ziwa Victoria upande wa Kenya, ambako watafiti waliwapima watoto wa Kiluo wenye umri wa miaka 12 hadi 15 ujuzi wao wa dawa za mitishamba zinazotumika kutibu maradhi ya kila siku. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba watoto waliozijua dawa hizo zaidi walielekea kupata alama za chini katika vipimo vya kidarasa, hasa vya Kiingereza. Watafiti walifasiri kwamba muda na juhudi za mtoto hugawanywa: familia zinazotazamia maisha ya kijijini hukazia ujuzi mmoja, na zile zinazotazamia ajira ya mjini hukazia mwingine.

Kwa hiyo vipimo hivi hufanya kazi vizuri zaidi vinapowalinganisha watu waliokulia katika hali zinazokaribiana. Vikichukuliwa kama vilivyo kutoka Ulaya na kutumiwa kumlinganisha mtoto wa Usenge na mtoto wa London, sehemu kubwa ya kinachopimwa ni mazoea ya penseli, karatasi na mtihani.

Imejulikanaje kwamba jeni zina mchango katika tofauti za akili?

Kwa njia kuu mbili, mapacha na watoto wa kuasili. Mapacha wa yai moja wana vinasaba vinavyokaribia kuwa vilevile kabisa, ilhali mapacha wa mayai mawili, kama ndugu wengine wa baba na mama mmoja, hushiriki kwa wastani nusu ya jeni zinazotofautiana baina ya watu. Mwaka 1981 Thomas Bouchard na Matt McGue walikusanya matokeo ya tafiti nyingi zilizokuwapo na kuyatolea wastani. Kwa kipimo cha kufanana kinachoanzia 0, yaani hakuna uhusiano wowote, hadi 1, yaani kufanana kabisa, mapacha wa yai moja waliolelewa pamoja walipata takriban 0.86, na wa mayai mawili takriban 0.60. Tofauti ya 0.26 baina yao inatokana na nusu ya mchango wa jeni, kwa kuwa mapacha wa mayai mawili wamekosa nusu nyingine. Ukiizidisha mara mbili unapata karibu 0.52. Hesabu hii ni ya haraka na ina udhaifu wake, lakini inaonyesha wapi inatoka ile kauli maarufu kwamba karibu nusu ya tofauti za akili inahusiana na urithi.

Wapo pia mapacha wa yai moja waliotenganishwa wakiwa wachanga na kulelewa katika familia tofauti. Utafiti mkubwa wa watu wa namna hii ulianza Minnesota, Marekani, mwaka 1979, na ukaonyesha kwamba mapacha hao hufanana sana kwa alama za IQ ingawa hawakukua pamoja. Wakosoaji wamesema, na wana hoja, kwamba familia zinazoasili watoto hazitofautiani sana kwa kipato na elimu, hivyo mapacha hao hawakutenganishwa na mazingira kwa kiwango ambacho neno hilo linadokeza.

Uwanja huu una doa ambalo halifai kufichwa. Cyril Burt wa Uingereza, aliyekuwa na sifa kubwa zaidi ya wote kwa tafiti za mapacha waliotenganishwa, alifariki mwaka 1971, na miaka michache baadaye Leon Kamin akaonyesha kwamba baadhi ya takwimu za Burt zilibaki zilezile hadi tarakimu ya tatu huku idadi ya mapacha ikiongezeka, jambo lisiloaminika hata kidogo. Takwimu za Burt ziliondolewa katika hesabu. Hitimisho la jumla halikubadilika sana, kwa sababu tafiti nyingine zilifika karibu na hapohapo.

Urithikaji wa asilimia 50 maana yake nini? Kwamba nusu ya akili yangu imetoka kwa wazazi?

Hapana, na hapa ndipo upotoshaji mwingi unapoanzia. Urithikaji ni takwimu ya kundi la watu. Unaeleza ni sehemu gani ya *tofauti* zinazoonekana baina ya watu wa kundi fulani, katika mazingira fulani, kwa wakati fulani, inayohusiana na tofauti za jeni zao. Kwa mtu mmoja takwimu hiyo haina maana yoyote. Haiwezekani kuzigawa akili za mtu mmoja na kusema pointi hizi ni za jeni na hizi ni za shule, kwa sababu bila jeni hakuna ubongo, na bila malezi ubongo huo haujifunzi lugha hata moja.

Mwanabiolojia Richard Lewontin alitoa mfano wa mbegu mwaka 1970 ambao mkulima yeyote ataupokea. Chukua debe moja la mbegu za mahindi zilizochanganyika, nusu uzipande katika shamba lenye rutuba na maji ya kutosha, nusu nyingine katika shamba lililochoka. Ndani ya kila shamba, kwa kuwa udongo ni uleule, tofauti za urefu baina ya mhindi mmoja na mwingine zitatokana karibu zote na mbegu. Urithikaji utakuwa mkubwa kotekote. Lakini tofauti baina ya shamba na shamba imetoka kwenye udongo peke yake. Takwimu ya urithikaji ndani ya shamba haikuambii chochote kuhusu kilichofanya mashamba mawili yatofautiane, na wala haikuambii mbolea ingefanya nini.

Jambo hili limeonekana kwa binadamu pia. Urefu wa mwili una urithikaji wa takriban asilimia 80 katika nchi tajiri, mkubwa kuliko wa akili, na bado wanawake wa Korea Kusini waliozaliwa mwishoni mwa karne ya 20 ni warefu kwa takriban sentimita 20 kuliko wale waliozaliwa karne moja kabla yao. Jeni za Wakorea hazikubadilika kwa kasi hiyo. Chakula na afya ndivyo vilivyobadilika.

Ikiwa jambo liko kwenye jeni, je, linaweza kutibika?

Wakati mwingine, tena kabisa. Ugonjwa wa fenilketonuria hutokana na hitilafu katika jeni moja iliyo kwenye kromosomu ya 12 (kromosomu ni nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli), ambayo humfanya mtoto ashindwe kuivunja fenilalanini, kiungo cha protini kinachopatikana katika nyama, maziwa na vyakula vingine vingi. Fenilalanini hiyo hujikusanya na kuudhuru ubongo. Asbjørn Følling aliugundua Norway mwaka 1934, na kabla ya matibabu kupatikana wengi wa waliozaliwa nao walipata ulemavu mkubwa wa akili. Tangu miaka ya 1960 nchi nyingi huwapima watoto wachanga kwa tone la damu ya kisigino, na mtoto anayeanzishiwa mapema chakula maalumu hukua na akili za kawaida. Ulemavu uliokuwa wa kijenetiki kwa asilimia mia ukaondolewa kwa mpango wa chakula.

Kwa nini inasemekana mchango wa jeni huongezeka kadiri mtu anavyokua?

Watu wengi wangetarajia kinyume chake, kwamba miaka ikipita uzoefu uufunike urithi. Utafiti uliojumuisha jozi 11,000 za mapacha kutoka Marekani, Uingereza, Uholanzi na Australia, uliochapishwa mwaka 2010, ulikadiria urithikaji wa uwezo wa kufikiri kuwa asilimia 41 utotoni, 55 katika umri wa kubalehe na 66 kuelekea utu uzima.

Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba mtoto mdogo huishi katika mazingira aliyochaguliwa na wengine, ilhali anayekua huanza kujichagulia. Anayefurahia kusoma huazima vitabu, hutafuta marafiki wanaosoma, na mwalimu humwona na kumpa kazi ngumu zaidi; mwelekeo mdogo wa awali hujikuza wenyewe kwa kupitia uzoefu. Katika mchakato huo jeni na mazingira hazishindani, kwani jeni hufanya kazi yake *kwa njia ya* mazingira. Mtoto ambaye kijijini kwake hakuna kitabu cha kuazima hana mlango huo, na bila shaka takwimu za nchi hizo nne hazimwelezi.

Kuna ushahidi wa jambo hili hata ndani ya Marekani. Mwaka 2003 Eric Turkheimer na wenzake walionyesha kwamba miongoni mwa mapacha wa umri wa miaka 7 kutoka familia maskini, tofauti nyingi za IQ zilihusiana na mazingira ya nyumbani na mchango wa jeni ulikuwa mdogo sana, huku katika familia zenye uwezo hali ikiwa kinyume. Matokeo hayo yameonekana tena Marekani, lakini katika Ulaya Magharibi na Australia, ambako huduma za afya na elimu zinawafikia watu wote kwa usawa zaidi, hayakujitokeza.

Je, kuna jeni ya akili?

Hakuna. Zipo jeni na kromosomu ambazo hitilafu yake moja huleta ulemavu wa akili, kama kromosomu ya ziada ya 21 inayosababisha hali ya Down, lakini hizo hazielezi tofauti za kawaida baina ya watu wenye afya. Tofauti za kawaida hutokana na maelfu ya vijisehemu vya vinasaba, kila kimoja kikiwa na athari ndogo mno. Utafiti wa mwaka 2018 uliowahusisha watu karibu 270,000 ulibaini maeneo 205 ya vinasaba na jeni zaidi ya 1,000 zinazohusiana na alama za akili, na vyote kwa pamoja vikaeleza takriban asilimia 5 tu ya tofauti za watu waliopimwa. Utafiti mwingine wa mwaka 2022, uliotazama miaka ya masomo ya watu milioni 3, ulifikia kati ya asilimia 12 na 16. Pengo baina ya takwimu hizi na zile za mapacha bado linajadiliwa.

Hata asilimia hizo si za jeni za mtu mwenyewe peke yake. Watafiti wa Iceland walionyesha mwaka 2018 kwamba jeni za mzazi ambazo *hazikurithiwa* na mtoto nazo hutabiri elimu ya mtoto huyo, kwa sababu huchangia kumfanya mzazi awe mzazi wa namna fulani, na hivyo kuathiri malezi.

Ni kweli kwamba mtoto hurithi akili kwa mama peke yake?

Madai haya husambaa sana mitandaoni na si kweli. Chanzo chake ni ukweli mmoja uliovutwa kupita kiasi: kromosomu ya X ina jeni nyingi ambazo hitilafu yake huleta ulemavu wa akili, na kwa kuwa mvulana ana X moja tu, aliyoipata kwa mama yake, ulemavu wa aina hiyo huwapata wavulana zaidi. Tofauti za kawaida za akili, kama ilivyoelezwa, zimetawanyika katika kromosomu zote, na mtoto hupata nusu kwa baba na nusu kwa mama. Akina baba wasijivue jukumu.

Je, ndoa za mabinamu hupunguza akili za watoto?

Swali hili huulizwa zaidi Pwani na Oman, ambako ndoa za namna hii ni za kawaida. Mabinamu wa kwanza hushiriki kwa wastani moja ya nane ya jeni zao, kwa hiyo uwezekano wa mtoto kupata nakala mbili zenye hitilafu ileile huongezeka. Hatari ya kasoro kubwa ya kuzaliwa, ambayo kwa watu wote ni takriban asilimia 2 hadi 3, huongezeka kwa asilimia nyingine 2 hivi. Walio wengi huzaliwa salama. Familia ambayo tayari imepata mtoto mwenye ugonjwa wa kurithi inafaa kumwona daktari kabla ya kufunga ndoa nyingine ya ndani.

Ni mambo gani ya mazingira yenye ushahidi wenye nguvu zaidi?

La kwanza kutajwa lazima liwe madini joto, kwa sababu upungufu wake wakati wa mimba ni miongoni mwa visababishi vikuu duniani vya ulemavu wa akili unaoweza kuzuilika. Mama akiyakosa, tezi ya shingo hushindwa kutengeneza homoni ambazo ubongo wa mtoto aliye tumboni huzitegemea. Maeneo ya milimani, ambako mvua imeyaosha madini hayo kutoka kwenye udongo, ndiyo huathirika zaidi, na katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania rovu lilikuwa jambo la kuonekana kila siku. Kuanzia mwaka 1986 serikali ilisambaza vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika sana, kisha katika miaka ya 1990 ikahamia kwenye chumvi. Wachumi waliochapisha kazi yao mwaka 2009 walidai kwamba watoto ambao mama zao walifikiwa na vidonge walisoma kwa muda mrefu zaidi, hasa wasichana. Wengine walioichambua data hiyo upya baadaye wamepinga kwamba athari hiyo inaonekana. Ubishi huo ni wa takwimu za mpango mmoja. Athari ya upungufu wenyewe kwa ubongo haina ubishi, na mama mjamzito hana sababu ya kununua chumvi isiyo na madini joto.

Lishe kwa ujumla inafuata. Katika Embu, Kenya, shule 12 za msingi ziligawanywa katika makundi manne mwishoni mwa miaka ya 1990. Kundi moja lilipewa githeri (mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja) yenye nyama, la pili githeri pamoja na maziwa, la tatu githeri iliyoongezwa mafuta ili nguvu yake ya chakula ilingane na ya wengine, na la nne halikupewa chakula wakati wa utafiti. Katika kipimo cha kutambua mpangilio wa michoro, watoto waliokula nyama waliendelea vizuri kuliko makundi mengine yote. Kwamba kundi la mafuta halikuwafikia ni jambo la kuzingatia: kushiba si sawa na kulishwa vizuri. Nyama ina chuma, zinki na vitamini B12 kwa namna ambayo mwili huipokea kwa urahisi. Ndiyo maana haishangazi sana kwamba Iringa, mkoa unaosifika kwa mavuno, ulikuwa na udumavu kwa zaidi ya nusu ya watoto wake wa chini ya miaka mitano katika utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022, ilhali wastani wa Tanzania ulikuwa asilimia 30 na wa Kenya, mwaka huohuo, asilimia 18.

Sumu nazo zina nafasi yake. Madini ya risasi hupunguza uwezo wa kufikiri wa mtoto hata yakiwa kidogo katika damu, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Nchi za Afrika Kusini mwa Sahara ziliacha petroli yenye risasi kufikia mwanzoni mwa 2006, hatua ambayo huenda imewafaa watoto wa mijini kuliko mipango mingi ya elimu iliyopigiwa tarumbeta. Hatari bado ipo panapoyeyushwa betri chakavu. Wakazi wa mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, walioathiriwa na kiwanda cha namna hiyo, walishinda kesi mahakamani mwaka 2020 na kuamuriwa walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

Malaria kali inayofika kwenye ubongo huacha alama. Miongoni mwa watoto waliopona ugonjwa huo katika hospitali ya Mulago, Kampala, karibu robo walikuwa na upungufu wa kufikiri miaka miwili baadaye, kiwango kikubwa mara kadhaa kuliko cha watoto waliolinganishwa nao. Mtoto wa namna hiyo anapoitwa mzito wa kuelewa darasani, chandarua kilichokosekana hakiingii kwenye maelezo.

Mwisho ni shule. Norway ilipoongeza elimu ya lazima kutoka miaka 7 hadi 9, wilaya kwa wilaya kati ya 1955 na 1972, watafiti waliweza kuwalinganisha vijana wa wilaya zilizotangulia na wa zilizochelewa, na wakakadiria kwamba kila mwaka wa ziada uliongeza karibu pointi 3.7 za IQ. Uchambuzi wa jumla wa mwaka 2018, uliojumuisha watu zaidi ya 600,000, uliweka ongezeko hilo kati ya pointi 1 na 5 kwa mwaka.

Kwa nini basi watoto wa nyumba moja hutofautiana sana?

Sehemu kubwa ni bahati nasibu ya urithi: kila mzazi humpa mtoto nusu ya jeni zake, na nusu aliyopewa kaka si ileile aliyopewa dada. Sehemu nyingine ni kwamba nyumba moja si mazingira mamoja. Nchini Norway imeonekana kwamba kifungua mimba huwashinda wadogo zake kwa wastani wa pointi 2 au 3, lakini mtoto wa pili ambaye mkubwa wake alifariki utotoni hupata alama kama za kifungua mimba. Kilichohesabika, kwa hiyo, ni nafasi aliyolelewa nayo, wala si mpangilio wa kuzaliwa.

Je, tofauti baina ya makabila au mataifa zinatokana na jeni?

Hakuna ushahidi unaokubalika wa hilo. Lewontin alionyesha mwaka 1972 kwamba takriban asilimia 85 ya tofauti za kijenetiki za binadamu ziko ndani ya kila kundi, na Afrika ndiyo yenye utofauti mkubwa wa vinasaba kuliko bara jingine lolote, kiasi kwamba kuwaweka Waafrika wote katika fungu moja la kijenetiki hakuna maana. Alama za kutabiri akili au elimu zinazokokotolewa kutoka kwenye vinasaba vya watu wa asili ya Ulaya hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake wa kutabiri zinapotumika kwa Waafrika. Na ule mfano wa mashamba mawili unatosha kuonyesha kwa nini urithikaji ndani ya kundi hauwezi kutumika kueleza pengo baina ya makundi.

Alama zenyewe hubadilika haraka mno kwa dai hilo kusimama. James Flynn wa New Zealand alionyesha katika miaka ya 1980 kwamba alama za nchi zenye viwanda zilikuwa zikipanda kwa takriban pointi 3 kila muongo. Huko Embu, watoto wa shule waliopimwa mwaka 1998 waliwazidi kwa zaidi ya pointi 20 wale waliopimwa mwaka 1984 kwa kipimo kilekile cha michoro. Miaka 14 haitoshi hata kizazi kimoja; maelezo yaliyotolewa na watafiti ni wazazi waliosoma zaidi, familia ndogo na chakula bora.

Wakenya wana sababu ya pekee ya kulijua suala hili. Mwaka 1933 madaktari na walowezi wa Nairobi waliunda chama cha kuchunguza kile walichokiita uboreshaji wa jamii za watu, H. L. Gordon akiwa mstari wa mbele, na mwaka uliofuata F. W. Vint akachapisha vipimo vya bongo za Waafrika akidai zilikuwa duni. Hoja hizo ziliingizwa katika mjadala wa kama inafaa kutumia fedha kumsomesha Mwafrika. Yaani waliomnyima mtoto shule walitumia matokeo ya kunyimwa huko kama sababu ya kuendelea kumnyima.

Nimpime mwanangu vinasaba ili nijue kipaji chake?

Usipoteze fedha. Kwa mtoto mmoja mmoja utabiri huo ni dhaifu, na kwa mtoto wa Kiafrika ni dhaifu zaidi.

Mtoto akianza maisha vibaya, je, muda umeshapita?

Umri una uzito. Katika Bucharest, kuanzia mwaka 2001, watoto 136 wa vituo vya kulelea watoto vya Romania waligawanywa kwa kura, nusu wakapelekwa kwa walezi wa nyumbani na nusu wakaendelea na utaratibu wa kituo. Walipokaribia miaka minne na nusu, wastani wa IQ ulikuwa 81 kwa waliopata familia na 73 kwa wengine, na waliohamishwa kabla ya kutimiza miaka miwili ndio walionufaika zaidi. Guatemala nako, watoto waliopewa uji wenye protini kabla ya umri wa miaka mitatu walisoma vizuri zaidi walipokuwa watu wazima. Msisitizo wa siku 1,000 za kwanza unaotolewa kliniki una msingi.

Hata hivyo mlango haufungwi siku ya 1,001. Watoto 436 wa Sweden walioasiliwa walipopimwa jeshini wakiwa vijana walikuwa na wastani wa pointi 4.4 zaidi ya ndugu zao wa damu waliobaki kwa wazazi. Ufaransa, watoto walioasiliwa wakiwa na miaka 4 hadi 6 baada ya utoto wa mateso, wenye IQ chini ya 86, walipanda kwa takriban pointi 8 katika familia za kipato cha chini na zaidi ya 19 katika familia zenye uwezo. Manufaa ya miaka ya shule yaliyotajwa hapo juu yameonekana hata kwa watu waliopimwa wakiwa wazee. Kwa mtoto aliyedumaa na sasa yuko darasa la pili, mambo yanayofaa kufanywa kwanza ni kumpima upungufu wa damu, macho na masikio, kumlaza ndani ya chandarua, kumpa mayai, dagaa au nyama kila inapowezekana, na kuhakikisha haachi shule.